Hukumu ya Mnyama Aangukaye Majini: Nasaha kwa Wenye Visima na Hodhi

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, Aliyeyafanya maji kuwa asili ya uhai, Akayateremsha kutoka mbinguni hali ya kuwa safi, ili wanadamu wanywe na wajitahirishe, na wanyama na ndege wapate sehemu yao. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, aliyetumwa kuwa rehema kwa walimwengu, na jamaa zake na masahaba wake wote. Amma baad:

Akianguka mnyama katika kisima au hodhi, jambo la kwanza waulizalo watu wengi ni hili: je, maji yangali yafaa kwa udhu? Wengine huuliza: je, nyama yake yalika? Ama swali la tatu, la yule mnyama mwenyewe, ambaye huenda angali akiogelea na kuzunguka ukutani akitafuta pa kutokea, hilo huulizwa na wachache. Waraka huu umegawanywa kwa mafungu, ili kila swali lipate jawabu lake, na lile lililotangulizwa na sheria litangulizwe na watu pia.

FUNGU LA KWANZA: Mahali na sababu

Watu wa pwani wanajua visima na mabirika tangu kale. Kilwa Kisiwani, katika jumba la Husuni Kubwa lililojengwa katika karne ya 14, hata leo laonekana birika la kuogea lenye pembe nane. Na misikiti ya zamani ya pwani ina visima vyake na mabirika yake ya udhu. Watu hao walipokwenda bara walikwenda na dini yao na desturi zao. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa pwani walikuwa na kituo Kafuro, katika nchi ya Karagwe; na baada ya Emin Pasha kuweka ngome ya Wadachi Bukoba mwaka 1890, mji ulikua kando ya ziwa, na Waislamu waliotoka pwani walikuwa miongoni mwa wakazi wake. Basi mambo ya Bukoba na Muleba si mageni kwa mtu wa pwani.

Walakini nchi ile haifanani na pwani. Mvua ya Bukoba kwa mwaka hukaribia milimita 2,000, nayo ni katika mvua nyingi kabisa za Tanzania. Mapaa ya bati humwaga maji katika matangi na hodhi. Mabondeni mna chemchemi na visima. Wako wachimbao mabwawa ya samaki. Na wenye uwezo na wenye nyumba za wageni hujenga hodhi za kuogelea uani. Na wanyama hawako mbali na hayo. Migomba ya kibanja hufika mpaka karibu na ukuta wa nyumba, na ndani yake hupita tumbili, panya na nyoka. Ukingoni mwa ziwa mna kenge, fisi maji, mamba na viboko. Vichakani mna pongo. Na juu huruka kwarara na korongo. Tena hifadhi ya taifa ya Burigi-Chato, iliyotangazwa mwaka 2019, imeingia hata katika wilaya ya Muleba.

Kwa hiyo mnyama kuja kunywa na kuanguka si jambo la ajabu. Hodhi yenye ukuta laini uliosimama wima ni mtego, ijapokuwa mwenyewe hakunuia kutega. Aingiaye hapati pa kushika kucha wala pa kuweka ukwato. Huogelea akizunguka mpaka nguvu zimwishie, kisha huzama. Na mara nyingi mauti hayo huwa usiku, wenye nyumba wamelala.

FUNGU LA PILI: Roho kabla ya maji

Mwenyezi Mungu amebainisha katika Sura ya Al-An'am, aya ya 38, kwamba wanyama watembeao juu ya ardhi na ndege warukao ni mataifa mfano wa wanadamu, na kwamba watakusanywa kwa Mola wao. Basi aangukaye hodhini si takataka iliyoingia majini. Ni kiumbe katika taifa lenye Mola anayelijua.

Imepokewa katika Bukhari na Muslim kisa cha mtu aliyeshikwa na kiu njiani, akaona kisima, akashuka akanywa. Alipopanda alimkuta mbwa akihema na kulamba udongo kwa kiu. Mtu yule akashuka mara ya pili, akajaza maji katika khofu yake, akaiuma kwa meno ili mikono ipate kupandia, akamnywesha mbwa. Mwenyezi Mungu akaikubali kazi yake, akamsamehe dhambi zake. Masahaba walipouliza kama kwa wanyama pia wana ujira, Mtume (S.A.W.) aliwajulisha kwamba ujira uko kwa kila chenye uhai.

Na izingatiwe kwamba aliyenyweshwa alikuwa mbwa, ambaye kwa madhehebu ya Imamu Shafi ni najisi nzito. Unajisi wake ulihusu chombo na nguo; haukumtoa katika rehema.

Katika vitabu hivyo hivyo imepokewa habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa ajili ya paka. Alimfungia ndani, hakumlisha, wala hakumwacha aende akale wadudu wa ardhi, mpaka akafa. Dhambi yake ilikuwa kumzuia na kumwacha. Basi mtu asikiaye mnyama akitapatapa majini usiku, naye ana uwezo wa kumtoa bila ya hatari, kisha akavuta shuka akalala akisema kwamba kutakapokucha ataletwa kijana wa kusafisha hodhi, na atazame ni yupi kati ya wawili hao anayefanana naye: yule aliyeshuka kisimani, au yule aliyefunga mlango.

Wala mtu asidhani kwamba mambo haya ni ya fadhila tu, hayamo katika fikihi. Wanavyuoni wa Kishafi wamesema kwamba mtu mwenye maji machache, akawa na mnyama mwenye heshima kisheria aliye na kiu, humnywesha mnyama maji hayo, na mwenyewe hutayamamu kwa mchanga. Sheria imeutanguliza uhai wa mnyama mbele ya udhu. Basi imekuwaje mtu kuanza kuuliza udhu wake na mnyama angali akizama?

FUNGU LA TATU: Namna ya kumtoa

Wema usio na maarifa huweza kuua. Mwenyezi Mungu amekataza, katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 195, watu kujitia katika maangamizi kwa mikono yao. Kwa hiyo na yashikwe haya:

Kwanza, mnyama mdogo kama panya, ndege au mtoto wa tumbili hutolewa kwa wavu, au kwa tenga lililofungwa kamba likateremshwa chini yake. Asishikwe kwa mkono mtupu, kwani mwenye hofu huuma hata anayemwokoa. Na aliyeumwa au kuparuzwa na mnyama wa mwitu, au na mbwa asiyejulikana, aoshe jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo ukishadhihiri kwa mtu, ni nadra mno kupona.

Pili, mnyama awezaye kupanda, kama kenge au tumbili mkubwa, hateremkiwi. Huwekewa ubao mrefu uliozungushiwa gunia ili kucha zishike, ncha moja majini na ncha nyingine ukingoni. Kisha watu na mbwa huondoka, naye atapanda akiona njia i wazi. Pasipokuwa na ubao, kigogo cha mgomba hutosha kuwa chelezo, kwani huelea, na mnyama hupata pa kupumzika mpaka njia ipatikane.

Tatu, nyoka huinuliwa kwa upondo mrefu, akaachwa mbali na nyumba. Mwenye kudhuru ambaye sheria imeruhusu kumwua, na auawe kwa pigo moja la haraka, bila ya kuteswa, kwani Mtume (S.A.W.) ameamrisha wema hata katika kuua.

Nne, mnyama mkubwa au mkali, kama nyati, chui, mamba au kiboko, si kazi ya mtu wa nyumbani. Na aitwe Bwana Nyama, yaani afisa wa wanyamapori wa wilaya, na watoto waondolewe pale.

Tano, kisima kirefu hakiteremkwi kwa pupa. Chini yake huweza kuwa na hewa mbaya, nayo huua mtu kabla hajaweza kupiga kelele, na mara nyingi humfuata wa pili aliyeshuka kumtoa wa kwanza. Taa ikiteremshwa ikazimika, asishuke mtu. Na hata isipozimika, asishuke mtu peke yake wala bila ya kamba kiunoni iliyoshikwa na watu juu. Uhai wa mwanadamu hautolewi kwa uhai wa mnyama.

FUNGU LA NNE: Hukumu ya maji

Mnyama akiisha kutolewa, ndipo lije swali la maji. Na jawabu lake ni jepesi kuliko wengi wadhaniavyo.

Kwa madhehebu ya Imamu Shafi, kila mnyama aliye hai ni tahiri, isipokuwa mbwa na nguruwe na kilichozaliwa nao. Basi pongo, kenge, tumbili au ndege akianguka na kutolewa hai, maji yake yabaki katika tahara yake, isipokuwa ionekane najisi aliyoitoa yeye ndani yake.

Akifa majini, naye ni katika wenye damu ya kutiririka, mzoga wake ni najisi. Hapo hutazamwa kadiri ya maji. Yakiwa yamefika kulateni, yaani mitungi mikubwa miwili ya Waarabu wa kale, hayanajisiki ila yakibadilika rangi, ladha au harufu. Kadiri ya kulateni ni maji yajazayo shimo lenye urefu wa dhiraa moja na robo, upana kama huo na kina kama hicho. Nayo kwa kukisia ni kama lita 200. Basi tangi la lita 1,000 lililojaa limepita mpaka huo mara tano. Na hodhi ya kuogelea yenye urefu wa mita 8, upana wa mita 4 na kina cha mita 1 na nusu huchukua lita 48,000. Panya au ndege aliyefia humo na kutolewa, maji yasibadilike, hakuyanajisi.

Na asili ya wepesi huu ni habari ya kisima cha Budha'a kilichokuwa Madina. Mtume (S.A.W.) aliulizwa juu yake, kwa kuwa humo ziliingia nyama za mbwa na uchafu mwingine, naye akajibu kwamba maji yake ni tahiri. Imamu Abu Daud, baada ya kuipokea hadithi hiyo, alikwenda mwenyewe akakipima kisima kwa shuka lake, akakuta upana wake ni dhiraa 6.

Ama maji yakibadilika, huachwa mpaka mabadiliko yaondoke yenyewe, au huongezwa maji mengine mpaka yaondoke. Lakini kutia dawa au manukato yenye harufu kali ili kuifunika harufu ya mzoga hakutahirishi, kwani kilichofunikwa hakijaondoka. Mwenye hodhi ya kuogelea atiaye dawa na angoje harufu ya dawa itulie. Ikiwa haionekani tena rangi, ladha wala harufu ya mzoga, hapo yametahirika.

Yakiwa chini ya kulateni, kama ndoo au pipa dogo, hunajisika kwa kufiwa na panya tu, hata yasipobadilika. Hutupwa shambani, na chombo kikaoshwa. Akiwa ni mbwa, chombo huoshwa mara 7, moja kwa udongo. Nzi, sisimizi na mfano wao, wasio na damu ya kutiririka, wamesamehewa wakianguka wenyewe, ila wakiyabadilisha maji.

Wako Waislamu wa Bukoba wafuatao madhehebu ya Imamu Abu Hanifa, nao huteka ndoo kwa hesabu: panya au shomoro, ndoo 20 hata 30, njiwa, kuku au paka, ndoo 40 hata 60, mbuzi, hutekwa maji yote. Hiyo ni ijtihadi ya imamu wao, nayo ina heshima yake. Ama Mshafi hakulazimishwa hesabu hiyo, wala haifai kumwaga kisima kizima kwa waswasi, na majirani wangali na ndoo zao mlangoni. Isipokuwa manyoya ya mzoga yakitapakaa hata ikawa hapana ndoo itokayo bila ya unywele. Hapo wanavyuoni wamesema maji yatekwe mpaka manyoya yatoke.

Na aliyesali kisha akakuta mzoga katika pipa dogo alilotawadhia, harudii ila sala aliyo na yakini kwamba aliisali kwa maji yaliyokwisha kunajisika. Kwani yakini haiondolewi na shaka.

Lakini na ifahamike: tahara ni hukumu ya sheria, na usalama wa kunywa ni jambo la tabibu. Maji huweza kufaa kwa udhu na ndani yake mkawa na maradhi ya tumbo. Basi maji yaliyofiwa na mnyama yasinywewe ila kwa kuchemshwa barabara, na kisima kikatiwe dawa na wenye kuijua kazi hiyo.

FUNGU LA TANO: Nyama yake, na yule aliyetolewa hai

Husemwa na watu, pongo akionekana hodhini, kwamba ni riziki iliyojileta. Neno hili lahitaji kupimwa.

Akiwa amekwisha kufa, hapana shaka: ni mzoga. Mwenyezi Mungu ameharimisha katika Sura ya Al-Maida, aya ya 3, mfu na aliyekufa kwa kuanguka. Na Adi bin Hatim alifundishwa na Mtume (S.A.W.) kwamba mnyama aliyepigwa mshale kisha akakutwa amekufa majini asiliwe, kwani haijulikani kilichomwua ni mshale au maji. Ikiwa aliyepigwa mshale haliwi kwa shaka ya maji, vipi ataliwa yule ambaye hana kilichomwua ila maji?

Ama mbuzi au ng'ombe wa mtu aliyeanguka kisimani akiwa hai, na koo lake halifikiwi, sheria imeruhusu kumchoma kwa chuma chenye makali popote mwilini, kwa jina la Mwenyezi Mungu, naye akawa halali. Lakini kichwa kikiwa kimezama, ikawa mauti yamechanganyika na maji, huachwa.

Na mnyama wa mwitu aliyetolewa hai hawi mali ya mwenye hodhi kwa kule kuanguka tu, kwani hodhi haikuchimbwa kwa uwindaji. Tena Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya Tanzania ya mwaka 2009 imekataza kumkamata au kumwua mnyama wa mwitu bila ya kibali, na Muislamu ni mwenye kutimiza ahadi ya nchi anayokaa.

Wafanyabiashara hasa na wakumbuke kisa cha Nabii Yusuf (A.S.). Msafara ulimtuma mteka maji wao, akateremsha ndoo yake kisimani; aliyekwenda kutafuta maji akatoa mtu. Wakamficha kama bidhaa, wakamuuza kwa dirhamu chache. Kumtoa kisimani kulikuwa kheri. Tamaa iliyofuata ndiyo iliyoiharibu. Basi amtoaye kiumbe majini asitie bei katika kheri yake. Na amwache aende zake.

FUNGU LA SITA: Kuzuia, na dhamana ya mwenye maji

Imepokewa kwamba kisima hakina dhamana, na maana yake kwa wanavyuoni ni kwamba aliyechimba katika milki yake mwenyewe halipishwi kwa aliyetumbukia. Aliyechimba njiani kwa dhuluma, au katika ardhi ya mtu bila ya idhini, huyo hulipa. Hukumu hiyo ni ya mbele ya kadhi. Ama mbele ya Mwenyezi Mungu iko hesabu nyingine. Imesimuliwa kwamba Sayyidna Umar bin Khattab aliogopa kuulizwa juu ya mwana-kondoo atakayepotea kando ya mto Furati. Na mto huo hakuuchimba yeye. Basi itakuwaje kwa aliyechimba shimo kwa mkono wake, akalijaza maji, akaliacha wazi?

Na kinga yake ni nyepesi. Kisima na kijengewe ukuta wa kufika kiunoni, na kifuniko cha mbao. Tangi na liwe na mfuniko wake na wavu mdomoni mwa mfereji wa paa. Hodhi ya kuogelea na ifunikwe usiku, na kila pembe iwekewe ubao wa kupandia, au ijengewe ngazi zinazofika majini. Shimo lisilotumika na lifukiwe. Kurani yenyewe, katika Sura ya Al-Hajj, aya ya 45, imekitaja kisima kilichoachwa kuwa katika alama za miji iliyoangamia. Na ukingoni mwa kibanja na kiwekwe chombo kipana cha maji mafupi, wanyama wanywe bila ya kuinamia kina. Sadaka ya maji haikuwekewa mpaka wa mnywaji.

Tena asidhani mtu kwamba gharama hii ni ya tumbili na kenge tu. Kisima kimzamishacho mtoto wa pongo hakimchagui mtoto wa jirani. Aliyeweka kifuniko kwa kuwahurumia wanyama huenda amemwokoa mwana wa Adamu asiyemjua, na ujira wake umeandikwa naye hana habari.

Basi kila mwenye maji, awe Bukoba au Muleba, awe Lamu au Pemba, na ayatazame maji yake kabla ya magharibi ya leo. Na akisikia kitu kikipiga maji usiku, aamke achukue taa. Mas'ala ya udhu yatamngoja.

Mwenyezi Mungu awajaalie Waislamu kuwa wenye kurehemu viumbe Wake, ili nao warehemewe siku ambayo hapana wa kuwatoa ila Yeye. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.